Mahali pa Besi Jukwaani

Katika semina zetu za fasihi simulizi, tumezoea kuuchambua wimbo kwa kuuliza maswali yale yale ya msingi: Mtunzi ni nani? Fanani ni nani? Hadhira yake ni ipi? Umeimbwa katika muktadha gani? Ni maswali mema, wala sina nia ya kuyabeza. Hata hivyo, kwa muda wote ambao nimeketi katika semina hizo, sijawahi kumsikia mtu akiuliza spika ya besi ilikuwa imewekwa wapi siku wimbo huo ulipoimbwa. Huenda swali lenyewe likamchekesha msomaji, kwa kuwa linafanana na swali la fundi wa mitambo kuliko la mwanafunzi wa fasihi. Nia yangu katika insha hii ni kuonyesha kwamba ni swali letu pia. Jibu lake huamua, mara nyingi kuliko tunavyodhani, ni maneno yapi yatakayomfikia msikilizaji na ni yapi yatakayofia jukwaani.

Mimi ni mtu wa nyumba mbili. Siku za juma ni mwanafunzi wa uzamili ninayetafiti nyimbo za Kiswahili. Jumamosi ikifika, ni mpigaji gitaa la besi katika bendi ndogo isiyo na jina kubwa, bendi ya arusi, harambee na sherehe za wanafunzi. Sehemu ya karo yangu imetoka katika nyuzi nne za gitaa hilo. Kwa miaka sita sasa, nimepanda majukwaa ya mbao na ya saruji, nimepiga chini ya mahema, chini ya mabati na chini ya miembe. Katika safari hizo, jambo moja limenidhihirikia: gitaa lile lile, kikuza sauti kile kile na mikono ile ile hutoa sauti mbili tofauti kabisa, kutegemea kasha la spika limewekwa wapi.

Ni vyema kwanza tuelewe chombo chenyewe. Hapo zamani, mwanamuziki wa besi alikumbatia zeze kubwa la mbao lililozidi kimo chake, na sauti ilitoka tumboni mwa chombo hicho hicho. Aliposimama, ndipo sauti iliposimama. Mnamo mwaka wa 1951, Leo Fender wa California alitoa gitaa la besi la umeme ambalo baadaye lilienea duniani kote. Tangu hapo, chombo na sauti yake vikatengana. Chombo kimebaki mikononi mwa mpigaji, nayo sauti imehamia katika kasha lililo kando. Kasha hilo laweza kuwekwa popote, na kwa bahati mbaya, mara nyingi huwekwa popote.

Aghalabu linawekwa pale ambapo waya umefika, au pale ambapo halitawazuia wacheza ngoma, au kwenye kona kwa kuwa kona ni tupu. Kisha mpigaji anaanza kupiga, hajisikii vizuri, naye anaongeza sauti. Mpigaji gitaa la solo anaona amefunikwa, anaongeza yake. Mpiga ngoma anazidisha mapigo. Mwimbaji, ambaye koo lake halina kitufe cha kuzungusha, anabaki kupiga kelele. Hadhira nayo inarudi nyumbani ikiwa na mvumo masikioni, na ukimwuliza mtu wimbo ulisema nini, atakwambia ulikuwa mtamu sana.

Aliyenifundisha njia nyingine ni mzee mmoja aliyekuwa amepiga besi katika bendi za benga tangu miaka ya sabini. Msomaji anayeifahamu benga, mathalani ile ya marehemu D. O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz, anajua kwamba katika muziki huo besi si kiongezo cha pembeni. Besi ya benga hutembea, husukuma, na hujibizana na magitaa mengine. Mzee huyu alitukuta tukijiandaa katika ukumbi mmoja mjini, nami nikiwa nimeinamia kikuza sauti nikitafuta kitufe cha kunisaidia. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Kijana, wacha kuzungusha. Beba sanduku."

Nilimjibu, "Sawa, mzee," nikabeba.

Aliniagiza nipige noti moja tu, tena na tena, bila madoido. Yeye akaanza kutembea ukumbini na bakora yake, polepole, kama mtu anayekagua shamba. Kila baada ya hatua chache alisimama, akainamisha kichwa, kisha akaniashiria nilisogeze kasha: hatua moja mbele, nusu hatua kushoto, igeuze kidogo. Tulipolitoa kwenye kona nilimwuliza mbona pale hapakufaa ilhali sauti ilikuwa kubwa. Akanijibu, "Kona ni kama mlevi. Inapayuka, lakini huambulii neno." Baada ya robo saa hivi, kitufe cha sauti kikiwa chini kuliko mwanzo, nilianza kuzisikia noti zangu moja moja. Mzee hakuwa na istilahi yoyote ya kitaalamu. Mimi nilizitafuta baadaye maktabani, na nikaona kwamba kila hatua aliyoniamuru ilikuwa na sababu yake.

Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takribani mita 343 kwa sekunde katika hali ya joto ya kadiri. Uzi mnene zaidi wa gitaa la besi, ukiachwa wazi, hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde. Ukigawa kasi kwa mitikisiko hiyo, utapata kwamba wimbi moja la noti hiyo lina urefu wa zaidi ya mita 8, yaani karibu matatu mbili za abiria kumi na wanne zikiwa zimefuatana. Sasa chukua sauti ya herufi *s* kinywani mwa mwimbaji. Nguvu zake nyingi ziko katika maelfu ya mitikisiko kwa sekunde. Wimbi la mitikisiko 5,000 lina urefu wa sentimita 7 tu, lisifikie hata kidole cha kati. Haya ni maumbile mawili tofauti. Wimbi dogo huenda kama mwanga wa tochi: humulika lilikoelekezwa, na mtu akisimama mbele yake, hulikinga. Wimbi kubwa huenda kama maji ya mafuriko: huzunguka meza, watu na nguzo, na hutapakaa mbele na nyuma ya kasha pasipo kujali spika imetazama wapi.

Kutokana na hali hiyo, kumezuka imani miongoni mwa wanamuziki kwamba besi haiwezi kusikika karibu. Kwamba lazima wimbi lisafiri mita zake nane ndipo "lifunguke". Imani hii haina msingi. Anayesikiliza muziki kwa vidude vya masikioni husikia besi vizuri ingawa sauti haikusafiri hata sentimita tatu. Sikio halihitaji wimbi zima lipite. Linahitaji hewa isukumwe na kuvutwa mlangoni pake. Mpigaji hajisikii kwa sababu nyingine iliyo nyepesi zaidi. Kasha liko sakafuni nyuma yake, na ile sehemu ya juu ya sauti ya besi, mguso wa kidole unaoitenganisha noti na noti, hupita chini kama tochi na kumwangaza magotini. Masikio hayako magotini. Kinachomfikia kichwani ni mvumo tu, naye huongeza mvumo huo akidhani anaongeza noti. Dawa yake ni kuliinua kasha hadi kiunoni, au kuliegemeza nyuma ili litazame juu kuelekea uso wake. Akijisikia, hatakuwa na haja ya kuongeza.

Tuje kwenye ukuta. Kwa kuwa besi hutapakaa pande zote, ile inayokwenda nyuma hugonga ukuta na kurudi. Kasha likiwa limeukaribia ukuta sana, inayorudi huungana na inayotoka na kuipa nguvu. Uso mmoja mkubwa ulio karibu unaweza kuongeza hadi desibeli 6, ambazo ni sawa na kuongeza nguvu ya kikuza sauti mara nne bila kulipa senti. Sakafu ni uso mmoja, ukuta wa nyuma ni wa pili, ukuta wa kando ni wa tatu. Kona ina nyuso zote tatu, na hapo ndipo alipo mlevi wa mzee: sauti nene zote zinafurishwa pamoja, bila kuchagua, hata zile ambazo hukuzihitaji.

Lakini kuondoka ukutani nako kuna mtego wake. Chukulia kwamba uso wa spika uko mita 1 kutoka ukuta wa nyuma. Sauti inayokwenda nyuma na kurudi imetembea mita 2. Kwa wimbi lenye urefu wa mita 4, mita 2 hizo ni nusu ya wimbi, kwa hiyo inaporudi inakuwa kinyume na ile inayotoka. Moja inaisukuma hewa, nyingine inaivuta, na zote mbili zinadhoofishana. Wimbi la mita 4 ni la mitikisiko 86 hivi kwa sekunde, karibu sana na noti ya F iliyo katikati ya gitaa la besi. Mpigaji hushangaa: noti zote zipo isipokuwa moja iliyotoroka. Akilivuta kasha hadi mita 2, upungufu huhamia chini hadi karibu mitikisiko 43, jirani ya uzi mnene wenyewe. Akilirudisha hadi sentimita 30, upungufu hupanda hadi karibu 286, mahali ambapo besi haina kazi nyingi na spika yenyewe imeanza kuelekeza sauti mbele. Ndiyo maana nusu hatua ya mzee haikuwa ya kubahatisha. Ama kasha likaribie ukuta kabisa ama liuache kwa mbali. Ile mita moja ambayo wengi huiona kuwa ya wastani ndiyo yenye hasara.

Kuhusu sakafu, wahenga walishatuonya kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Majukwaa mengi ya kumbi zetu ni debe tupu kwa maana halisi: mbao zilizopigiliwa juu ya nguzo, na chini yake hewa. Ukiliweka kasha la besi juu ya mbao hizo, jukwaa zima hugeuka ngoma. Huvuma kwa noti yake lenyewe, hata pale mpigaji anapopiga noti nyingine, na huendelea kuvuma baada ya yeye kunyamaza. Mtikisiko huo hupanda kwa miguu ya vipaza sauti na kuingia tena katika mitambo. Kuliinua kasha kwa kreti za soda, na kuweka kipande cha godoro kati ya kreti na mbao, hupunguza sana balaa hilo. Jukwaa la saruji halina tatizo hili, ingawa lina la kwake: halimezi chochote, hurudisha kila kitu.

Na ukumbi wenyewe pia una noti unazozipenda. Sauti ikiwa kati ya kuta mbili zilizotazamana, kuna mawimbi yanayoenea hapo sawasawa kama kitambaa kilichokatwa kwa kipimo, nayo hukua. Ukumbi wenye upana wa mita 7 hupendelea mitikisiko ya 24.5, kisha 49, kisha 73.5 kwa sekunde. Hizo mbili za mwisho karibu ni noti za G na D za gitaa la besi. Katika ukumbi kama huo, kila mpigaji anapogusa G, kuta huitikia. Tena haziitikii sawa kila mahali: aliye ukutani au katikati kabisa atahisi kifua kikitetema, na aliye robo ya upana, mita 1.75 kutoka ukuta wa kando, hataisikia kwa nguvu. Jambo la manufaa ni kwamba mambo hayo huenda pande zote mbili. Mahali ambapo noti hiyo haisikiki sana ndipo pia mahali ambapo kasha, likiwekwa, haliuchochei sana ukumbi kwa noti hiyo. Kumbi halisi zina nguzo, madirisha na paa la mteremko, kwa hiyo hesabu humpa mtu pa kuanzia tu. Baada ya hapo hutakiwa bakora na miguu ya kutembea.

Huenda msomaji anauliza: haya yote yana uhusiano gani na Kiswahili? Nitamjibu kwanza kwa kisa cha kale. Mwaka wa 1895, Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara katika jumba la makumbusho la Fogg. Ulikuwa na kasoro moja: maneno ya mhadhiri hayakueleweka. Neno lilipotamkwa, mwangwi wake ulidumu kwa sekunde 5 na nusu hivi, likafunikwa na yaliyolifuata. Mwanafizikia kijana, Wallace Sabine, aliombwa atafute dawa. Usiku baada ya usiku alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akaipanga ndani, akapima mwangwi, akairudisha kabla ya asubuhi. Sayansi ya leo ya sauti katika kumbi ilitokana na kazi hiyo. Yaani, ilizaliwa kwa sababu ya neno lililoshindwa kufika.

Mito ya Sabine inatufunza jambo jingine. Vitambaa na miili ya watu humeza sauti nyembamba zaidi kuliko nene. Ukumbi uliojaa wageni waliovaa suti, vitenge na kanga hupunguza makali ya *s*, *f* na *t*, lakini besi huiacha karibu kama ilivyokuwa. Kwa hiyo bendi iliyopanga sauti mchana ukumbi ukiwa mtupu, usiku hujikuta na besi iliyozidi ingawa hakuna aliyegusa kitu.

Sasa itazame lugha yetu. Kiswahili hubeba mzigo mkubwa wa maana katika silabi ndogo zinazotangulia mzizi wa neno. "Nitarudi" na "sitarudi" zinatofautiana kwa sauti moja tu, na sauti hiyo ndiyo ahadi yenyewe. "Aliniacha" na "alimwacha" ni visa viwili vya watu wawili tofauti. "Mwana analia" na "wana wanalia" hazisimulii msiba mmoja. Kati ya sauti hizi, *m* na *n* hupitia puani, na sehemu kubwa ya nguvu zake iko chini, jirani na kule ambako mvumo wa besi umejazana. Sauti nene yenye nguvu ina tabia ya kuifunika ile iliyo juu yake kidogo, kama kivuli cha mti mkubwa. *M* ikifunikwa, kitenzi hupoteza mtendwa wake. *S* ikimezwa, mkanaji hugeuka mwahidi. Msikilizaji huambulia mzizi wa neno, hisia ya jumla na mahadhi. Lakini nani alimfanyia nani nini, na kama alifanya au hakufanya, hayo hayamfikii.

Nimeyaona madhara ya jambo hili katika data ya tasnifu yangu mwenyewe. Miongoni mwa nyimbo ninazozichunguza kuna moja iliyorekodiwa arusini, kabla sijaanza masomo haya, na mtu wa kamera ya kukodi. Mwimbaji alikuwa mzee aliyesifika kwa kutunga papo kwa hapo. Katika mkanda huo kasha la besi linaonekana wazi: limesukumwa kwenye kona ya jukwaa la mbao, uso wake umeelekea kipaza sauti cha mwimbaji. Kipaza sauti hakijui kuchagua. Kimeichukua besi pamoja na sauti ya mzee, kikaipeleka tena kwenye spika kubwa za ukumbini, nayo besi ikarudi mara ya pili. Nimeusikiliza mkanda huo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Katika beti tatu mfululizo, zile ambazo wageni wanaonekana wakiinuka kumtuza, nimelazimika kuandika neno moja katika mabano: *haisikiki*. Mzee yule ameshafariki. Beti zile hakuziandika popote, na waliokuwepo niliowahoji wanakumbuka kwamba zilikuwa nzuri. Hakuna nadharia ya uhakiki itakayozirudisha.

Kwa sababu hiyo, nilikuwa na hofu siku chama chetu cha Kiswahili kilipomwalika bibi mmoja mtunzi kutoka Pwani atughanie utenzi. Umri wake ulikuwa umepita miaka sabini. Utenzi wenyewe aliutunga kumlilia mwanawe aliyefia baharini, na alikuwa ameuhifadhi kichwani tu. Alitaka uambatane na muziki wa taratibu, kinanda, ngoma na besi, kwa kuwa aliutunga akiwa na mahadhi yake. Bendi yetu ikapewa jukumu hilo.

Alasiri ya maandalizi tulimkuta ameshafika. Tukamwamkia, "Shikamoo, bibi," naye akatuitikia, "Marahaba, wanangu," kwa sauti ndogo, nyembamba, ya mtu asiyezoea kupaza. Watu wa mitambo ya kukodi walikuwa wameshamaliza kazi yao. Kasha la besi lilikuwa kwenye kona ya nyuma, juu ya mbao, likiutazama mgongo wa kiti alichoandaliwa. Alipoanza kughani nasi tukaingia, ukumbi ulijaa mvumo. Fundi akaongeza kipaza sauti chake. Kipaza kikapiga mluzi. Akakipunguza, bibi akapotea. Baada ya jaribio la tatu bibi aliweka mikono mapajani, akageuka, akatuuliza kwa upole, "Wanangu, mwanipigia ngoma ama mwanifukuza?"

Tulicheka, lakini yeye hakuwa anatania sana. Alimwambia mwenyekiti wetu kwamba kama mambo ni hayo, basi aachwe aghani peke yake, au arudi kwao tu, maana hakuja kumlilia mwanawe mbele ya watu wasiosikia analia nini. Niliomba nusu saa. Fundi hakupendezwa, ila alikubali.

Tulipima upana wa jukwaa kwa hatua: mita 7 hivi, kutoka ukuta hadi ukuta. Tukalitoa kasha konani, tukaliweka karibu hatua mbili kutoka ukuta wa kando, mgongo wake ukigusa karibu ukuta wa nyuma. Mwenzetu mmoja alikimbia bwenini akarudi na kipande cha godoro. Kreti mbili za soda tukazipata kibandani. Kasha likapanda juu ya hayo, tukaliegemeza kidogo, tukaligeuza litutazame sisi wapigaji badala ya bibi. Kiti chake tukakisogeza hatua moja mbele, kipaza sauti kikiupa mgongo upande wa besi. Nikapiga noti ya G tena na tena huku mpiga ngoma wetu akitembea ukumbini kama mzee wa bakora, na tukasogeza mara mbili zaidi. Mwishowe nikapunguza sauti hadi chini ya nusu ya ilivyokuwa, na bado nilijisikia kuliko mwanzo. Bibi akajaribu ubeti mmoja. Akanyamaza, akasema, "Hapa sasa najisikia mwenyewe." Fundi hakusema kitu, lakini kipaza sauti chake hakikupiga mluzi tena.

Usiku ule ukumbi ulijaa hata wengine wakasimama mlangoni. Sitadai kwamba kasha la spika ndilo lililowatoa watu machozi. Utenzi ulikuwa wa bibi, na uchungu ulikuwa wake. Ninachoweza kusema ni kwamba alipofika kwenye ubeti anaomtaja mwanawe kwa jina, minong'ono ilikatika hadi safu ya nyuma kabisa. Watu hawanyamazi hivyo kwa neno wasilolisikia. Rekodi tuliyoifanya usiku huo niliinukuu mwenyewe juma lililofuata, kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Haina mabano hata mamoja. Nakala moja tulimpelekea bibi, na mjukuu wake akamsomea.

Sipendekezi kwamba besi inyamazishwe. Muziki usio na besi ni nyumba isiyo na msingi, na wimbo wa densi ukiondolewa besi hubaki mifupa. Wala sidai kwamba kila neno la kila wimbo lazima lisikike. Kuna nyimbo za kuchezwa tu, nazo zina heshima yake. Hoja yangu ni kwamba besi na neno hazina ugomvi wa asili. Ugomvi huletwa na mahali, na mahali hubadilishwa kwa mikono miwili na dakika chache, kabla mtu hajagusa kitufe chochote.

Kwa wenzangu wa chama, nina maombi mawili. La kwanza ni kwamba tunapoandaa jioni zetu za ushairi na maigizo, tusiwaachie watu wa mitambo peke yao uamuzi wa kasha likae wapi. Tufike mapema, mmoja apige noti moja na mwingine atembee hadi safu ya mwisho, kisha fanani ajaribu na maneno yake halisi badala ya kuhesabu "moja, mbili, tatu". La pili ni kwa wanaokwenda nyanjani kukusanya nyimbo. Katika daftari, pamoja na jina la fanani, tarehe na mahali, chora ramani ndogo ya jukwaa: ni la mbao au la saruji, upana wake ni hatua ngapi, kasha la besi liko wapi, kipaza sauti kimeelekea wapi. Na ukiona kasha liko konani na mzee yuko karibu kuanza kuimba, usione haya. Mwamkie mpigaji besi kwa adabu, umwombe mlisogeze pamoja.